Mikono iliyovuka mipaka: historia ya wakine waliosomea inchi moja na kutumika inchi ingine

Kule Goma, Bukavu ao Kinshasa, mtu aliyesomea kazi ya kine anajua vizuri kazi yake. Anamsimamisha mtu aliyepigwa risasi kwenye paja. Ananyoosha mguu wa mtoto aliyezaliwa na nyayo za kupinda. Anamfundisha tena mzee aliyepooza upande mmoja namna ya kushika kijiko. Hakuna mgonjwa anayemuuliza ni chuo gani kilimpa diploma.

Kine huyo akishuka ndege kule Brussels, Paris ao Montréal, ulizo la kwanza linahusu karatasi. Ulisoma wapi? Miaka mingapi? Masaa mangapi ya stage katika hospitali? Katika lugha gani? Nani anatambua chuo chako? Wengi wanangojea jibu kwa miezi, hata miaka, na wakati huo wanaosha na kulisha wazee katika nyumba za wazee ao wanabeba mizigo katika depo. Wengine wanasema ni dharau kwa diploma ya Kongo. Dharau inaweza kuwepo. Lakini historia ya kazi hii inaonyesha kwamba ulizo la karatasi ni la zamani karibu sawa na kazi yenyewe, na kwamba jibu limebadilika kila mara kufuatana na mahitaji ya yule anayeshika ufunguo wa mlango.

Kazi iliyozaliwa Uswidi

Mwaka wa 1813, Mswidi Per Henrik Ling alifungua mjini Stockholm taasisi ya kifalme ya mazoezi ya mwili. Alifundisha mazoezi kwa ajili ya shule, kwa ajili ya jeshi, na pia kwa ajili ya kuponya wagonjwa. Mwaka wa 1887, serikali ya Uswidi ilianza kuandika majina ya watu wa kazi hiyo katika daftari rasmi. Katika karne hiyo ya 19, wanafunzi wa mfumo wa Ling walienda kutumika katika miji mingine ya Ulaya, kati yake London. Hao ni kati ya watu wa kwanza wa kazi hii waliosomea kwao na kutafuta mkate ngambo.

Stockholm, karatasi yao ilikuwa na uzito. London, ilikuwa karatasi tu. Hakukuwa na sheria iliyosema nani ana ruhusa ya kukanda mgonjwa. Mtu yeyote aliweza kuweka kibao mlangoni. Mwaka wa 1894, gazeti la waganga wa Uingereza, British Medical Journal, lilionya kuhusu nyumba zilizojiita za masaji na kumbe ndani yake kulikuwa na biashara ya umalaya. Heshima ya wakandaji wote iliingia mashakani, wazuri na wabaya pamoja.

Mwaka huohuo, wanawake wanne, Lucy Robinson, Rosalind Paget, Elizabeth Manley na Margaret Palmer, waliunda chama cha wanawake wakandaji waliofundishwa. Waliweka masharti makali: kukanda kwa agizo la munganga tu, kutofanya matangazo katika magazeti ya kawaida, kutouza dawa. Waliweka pia mtihani. Mwaka wa 1920 chama kilipewa hati ya mfalme, na tangu 1944 kinaitwa Chartered Society of Physiotherapy.

Hapo ndipo karatasi ya kazi hii ilianza kuwa na nguvu. Lengo la kwanza lilikuwa kutenga kazi ya kweli na uchafu, si kufukuza wageni. Lakini ukishajenga lupango, anayeshika mlango wake ndiye anaamua nani ataingia.

Mary McMillan, mwanafunzi wa Liverpool aliyejenga kazi Marekani

Habari ya Mary McMillan inaonyesha jambo hilo kupita zingine zote. Alizaliwa mwaka wa 1880 kule Massachusetts, Marekani. Alipokuwa angali mtoto mdogo mama yake alikufa, na akapelekwa kwa jamaa zao kule Liverpool, Uingereza. Ni huko alikomalia na kusoma mazoezi ya mwili na ya kuponya. Aliongeza masomo London, kisha akarudi Liverpool kutumika na Robert Jones, mmoja wa waganga wakubwa wa mifupa wa wakati ule. Wagonjwa wake wengi walikuwa watoto wenye ulemavu.

Mwaka wa 1915, vita ya kwanza ya dunia ikiwa imekwisha kuanza Ulaya, McMillan alivuka bahari na kurudi kwenye inchi alimozaliwa. Alikuwa Mmarekani kwa kuzaliwa, lakini ujuzi wake wote ulikuwa wa Uingereza. Marekani ilikuwa na shule za mazoezi ya viungo, lakini kazi ya kine haikuwa na chama wala sheria ya inchi nzima. Kwa hiyo hakuna ofisi iliyomuomba kulinganisha masomo ya Liverpool na ya Boston. Alipata kazi katika hospitali ya watoto kule Portland, jimbo la Maine.

Kisha mahitaji yakafika kwa kishindo. Mwaka wa 1916, polio ilipiga New York na majimbo ya jirani, na ikaua watu karibu 6,000 katika Marekani. Watoto wengi waliopona walibaki na miguu isiyo na nguvu. Mwaka uliofuata, Marekani iliingia vitani. Jeshi lilijua kwamba litarudishiwa maelfu ya vijana waliokatwa viungo ao kupigwa risasi, na halikuwa na watu wa kuwashughulikia.

Mwaka wa 1918, McMillan aliingia katika hospitali ya jeshi ya Walter Reed, mjini Washington. Alikuwa kati ya wanawake wa kwanza walioitwa wasaidizi wa kujenga upya wagonjwa. Hakupewa cheo cha kijeshi. Wanawake hao walihesabiwa kuwa raia. Muda mfupi baadaye alitumwa Reed College, kule Oregon, kufundisha wengine. Shule nyingi zilifunguliwa haraka kwa ajili ya vita, lakini ile ya Reed ilikuwa kubwa kupita zote, na wanafunzi wake walikuwa karibu 200.

Kwa hiyo mtu aliyesomea ngambo ndiye aliyefundisha kizazi cha kwanza cha inchi ile. Januari 1921, wanawake 30 walikutana katika restora moja mjini New York na kuunda chama cha taifa. Walimchagua McMillan kuwa prezidenti wa kwanza. Mwaka huohuo alitoa kitabu cha masaji na mazoezi ya kuponya, na wanafunzi wengi walikitumia. Mwaka wa 1922 chama kilibadili jina na kuruhusu wanaume kuingia.

Miaka iliyofuata, chama kilianza kuuliza wengine ulizo ambalo prezidenti wake wa kwanza hakuulizwa: shule yako inatambuliwa na nani? Haikuwa unafiki. Shule za haraka za wakati wa vita zilikuwa zimetoa watu wenye ujuzi tofauti sana, na wagonjwa walihitaji kulindwa. Lakini tangu hapo, mgeni aliyefika Marekani akiwa na diploma ya ngambo hakukuta tena mlango ulio wazi kama ule wa 1915.

Beijing, Manila na kambi ya wafungwa

McMillan hakuishia hapo. Mwaka wa 1932, akiwa na zaidi ya miaka 50, alienda China kuongoza kazi ya kine katika hospitali na chuo cha uganga cha Peking, kilichosaidiwa na feza za Rockefeller. Kwa mara ya pili akawa mgeni kazini, na safari hii hata lugha haikuwa yake. Alibaki huko karibu miaka 9, akitunza wagonjwa na kufundisha.

Disemba 1941, Japani iliposhambulia Pearl Harbor, yeye alikuwa Manila, Ufilipino. Alijitolea kusaidia katika hospitali ya jeshi la Marekani. Wajapani walipochukua mji, alifungwa pamoja na raia wengine katika kambi ya Santo Tomas, iliyokuwa chuo kikuu. Ndani ya kambi alifanya kazi yake ya kine kwa wafungwa wenzake. Baadaye alihamishwa kwenye kambi ya Chapei, karibu na Shanghai, na mwaka wa 1943 akarudishwa Marekani. Alikufa mwaka wa 1959.

Kambini hakukuwa na meza nzuri wala mashine. Kulikuwa na mikono yake na yale aliyofundishwa Liverpool miaka zaidi ya 30 mbele ya hapo.

Mlango unafunguka, mlango unafungwa

Vita ya pili ya dunia ilipoisha, vyama vya inchi mbalimbali vilianza kutafuta namna ya kuelewana. Mwaka wa 1951, mjini Copenhagen, vyama 11 viliunda shirikisho la dunia la fizioterapia. Vilikuwa vya Ulaya, Amerika ya Kaskazini, Australia na Zelandi Mpya. Kutoka Afrika kulikuwa na Afrika ya Kusini tu. Wakati kanuni za kwanza za dunia zilipoandikwa, Kongo ilikuwa bado koloni, na hakuna aliyekaa mezani kwa jina lake.

Mfano unaowahusu vijana wa inchi maskini kupita mingine ni ule wa Ufilipino. Inchi hiyo ilikuwa imetawaliwa na Marekani, na Kingereza kilikuwa lugha ya masomo. Mwaka wa 1969 ilipitisha sheria ya kazi ya fizioterapia. Katika miaka ya 1990, Marekani ilikosa watu wa kazi hiyo, na makampuni yakaenda kuwatafuta Manila. Shule za fizioterapia zikaongezeka kule Ufilipino, na wazazi wakatoa feza zao kwa matumaini kwamba mtoto atapata kazi ngambo.

Kisha sheria mbili zikapitishwa Washington. Ya kwanza, ya mwaka wa 1996, ilidai kwamba mfanyakazi wa afya aliyesomea ngambo apate kwanza cheti kinachohakikisha masomo yake, ruhusa yake ya kazi na Kingereza chake. Ya pili, ya 1997, haikutaja wageni hata kidogo. Ilihusu matumizi ya serikali, na ilipunguza feza ambazo bima ya wazee, Medicare, ililipa kwa ajili ya mazoezi ya kuponya. Kutoka Januari 1999, malipo kwa mgonjwa mmoja yaliwekewa mwisho wa dola 1,500 kwa mwaka. Nyumba za wazee na makampuni yakapunguza wafanyakazi, na maombi ya wageni yakashuka. Vijana walioingia shuleni wakati mlango ungali wazi walimaliza wakikuta umefungwa.

Hapo kuna somo gumu. Wafilipino hao hawakuwa wamebadilika. Masomo yao hayakuwa yamekuwa mabaya kwa mwaka mmoja. Kilichobadilika ni hesabu ya feza katika inchi ingine.

Wakati huohuo kizingiti kilipanda. Mwaka wa 1996, chuo kikuu cha Creighton, jimbo la Nebraska, kilitoa watu wa kwanza waliosomea fizioterapia mpaka daraja la doctorat moja kwa moja. Leo shule zote za Marekani zinatoa daraja hilo. Mtu mwenye licence kutoka Afrika ao Asia sasa analinganishwa na kipimo ambacho hata Wamarekani wa zamani hawakupimwa nacho.

Wafaransa mlangoni kwa Wabelgiji

Kwa Mkongomani, mlango wa karibu mara nyingi ni ule unaozungumza Kifaransa. Ufaransa iliunda diploma ya serikali ya masseur-kinésithérapeute kwa sheria ya tarehe 30 Aprili 1946. Ubelgiji ilipitisha sheria yake ya kazi ya kine mwaka wa 1995. Kati ya inchi za Umoja wa Ulaya, agizo la mwaka wa 2005 linarahisisha kutambuliwa kwa kazi: Mbelgiji anaweza kuomba kutumika Ufaransa, na Mfaransa Ubelgiji. Diploma iliyopatikana moja kwa moja katika inchi ya nje ya Umoja huo inapita njia ingine, iliyo ndefu.

Lakini hata majirani hao wawili walifungiana. Kuingia shule za kine za Ufaransa kulikuwa kugumu, na Wafaransa wengi walivuka mpaka kusoma Ubelgiji. Mwaka wa 2006, jumuiya ya Wabelgiji wanaozungumza Kifaransa iliamua kwamba katika masomo fulani, kati yake kine, wanafunzi wasio wakaaji wasipite 30 kwa mia. Wakiwa wengi kupita hapo, kura inapigwa. Wanafunzi walishitaki, na Aprili 2010 Mahakama ya Umoja wa Ulaya ilijibu: mpaka wa namna hiyo unakatazwa, isipokuwa ikithibitishwa kwamba ni wa lazima kwa kulinda afya ya watu.

Mkongomani anayeona kwamba milango inafungwa mbele ya Waafrika tu akumbuke vijana wa Lille waliongojea kura ya bahati kilomita chache kutoka nyumbani kwao. Na anayesema kwamba ni sawa kwa wote akumbuke kwamba vijana hao walikuwa na mahakama ya kushitaki.

Walioelekea upande wa kwetu

Historia hii ina upande wa pili ambao hautajwi sana. Kongo pia imepokea wageni wenye diploma za ngambo. Mwaka wa 1960, uhuru ulipofika, inchi karibu haikuwa na munganga Mukongomani hata mmoja mwenye diploma kamili ya uganga, na waganga wengi Wabelgiji waliondoka. Shirika la Afya Duniani lilileta waganga kutoka inchi mbalimbali, na wataalamu wengi wakatoka Haiti. Mahitaji yalikuwa makubwa, na mlango ulifunguliwa wazi.

Kwa wakine, kazi ya ngambo ya namna hiyo imepitia sana katika Shirika la Msalaba Mwekundu, CICR, ambalo lilianza mpango wake wa kurudisha wagonjwa katika hali ya kutembea mwaka wa 1979. Mfano unaojulikana ni Mwitaliano Alberto Cairo. Alikuwa amesomea sheria, akaacha, akasomea fizioterapia. Alifika Kabul, Afghanistan, mwaka wa 1990, akabaki huko kwa makumi ya miaka. Kituo kilikuwa cha majeruhi wa vita; yeye alisaidia kukifungua kwa walemavu wote. Tena, karibu wafanyakazi wote wa kituo walichukuliwa kati ya walemavu wenyewe. Mgeni huyo hakuleta mikono yake tu, aliacha mikono mingine nyuma yake.

Kipimo hicho kinaweza kutumiwa hapa Kivu pia. CICR imesaidia vituo kama Shirika la Umoja kule Goma na Heri Kwetu kule Bukavu, ambako watu waliokatwa miguu wanapata miguu ya bandia na kufundishwa kutembea. Mgeni anayekuja kwa mwaka mmoja ana faida. Faida kubwa inabaki pale Mukongomani aliyetumika naye anapoweza kuendelea akishaondoka.

Yale ambayo historia inawaachia vijana

Kuna mikataba inayoweza kusaidia. Mwaka wa 1981, mjini Arusha, inchi za Afrika zilikubaliana juu ya kutambuliana masomo ya juu, na mkataba mpya ukaandikwa Addis Ababa mwaka wa 2014. Kwa Ulaya, kuna mkataba wa Lisbon wa 1997, na Ubelgiji na Ufaransa ziko ndani. Kifungu chake cha 7 kinadai inchi ziweke njia ya kupima masomo ya wakimbizi hata kama hawana karatasi zote. Wakongomani wengi waliokimbia hawajui kama kifungu hicho kipo.

Hata hivyo kutambua diploma ni jambo moja, na kuruhusu mtu aguse mgonjwa ni jambo lingine. Ubelgiji, kulinganisha diploma ni hatua ya kwanza tu. Ruhusa ya kazi inaombwa kisha. Kanada, kila provinsi ina utaratibu wake. Marekani, mtihani ni mmoja kwa inchi nzima lakini ruhusa inatolewa na kila jimbo. Anayedanganywa kwamba karatasi moja inafungua milango yote anapoteza feza na miaka.

Ofisi hizo zote zinaomba karibu vitu vilevile: diploma, matokeo ya kila mwaka, orodha ya masomo pamoja na masaa yake, na hati za stage zenye sahihi na muhuri. Kupata hati hizo kutoka ngambo ni shida. Kuzipata ungali karibu na chuo ni mwendo wa siku chache. Kule Goma, lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 iliunguza sehemu ya katikati ya mji, na vita imetawanya jamaa nyingi bila nafasi ya kubeba sanduku. Mwanafunzi anayemaliza leo achukue nakala zake zote mbele ya kuzihitaji, aweke moja kwa mtu wa kuaminika katika mji mwingine, na picha yake katika simu ao intaneti.

Kazi kubwa zaidi ni ya vyuo na ya serikali. Kijana mmoja hawezi kujaza pengo la masaa ambayo chuo chake hakikufundisha, wala hawezi kujitolea muhuri. Inchi yenye programu inayojulikana na ofisi inayojibu barua inawapa watoto wake nafasi ya kusikilizwa ngambo. Inawapa pia wagonjwa wa Goma na Bukavu uhakika kwamba mtu anayewasimamisha amefundishwa vizuri. Wanawake wanne wa London walianzia hapo mwaka wa 1894: walitengeneza kwanza kazi ya kwao, na ni kisha tu karatasi yao ikaheshimiwa mahali pengine.